Huzuni ya Mtoto Haiandikwi Kwenye Ripoti ya Shule



Siku ya kuwatembelea watoto katika shule za bweni ina harufu yake. Ni harufu ya pilau iliyofungiwa katika hotipoti tangu alfajiri, ya mahamri na mbaazi, ya viazi vya karai vya aliyechelewa akanunua njiani. Akina mama hutandika mikeka chini ya miembe, na kila mkeka huwa nyumba ndogo kwa saa tatu au nne. Mwaka huo nami nilikuwa hapo, nimeketi na binti yangu aliyekuwa kidato cha pili, sahani iko mbele yake. Nilimwuliza alama zake za Hisabati. Nikamwuliza amekuwa wa ngapi darasani. Nikamwuliza kama sabuni bado ipo. Yote aliyajibu kwa adabu, na pilau haikuguswa. Niliporudi nyumbani nilimwambia babake kwamba mtoto yu salama, ila amekonda kidogo kwa chakula cha shule.

Hakuwa salama. Muhula mzima alikuwa akienda kwa matroni kulalamikia tumbo. Alipelekwa zahanati akapimwa malaria, akapimwa homa ya matumbo, akapimwa vidonda vya tumbo, na kila jibu likarudi kwamba hana kitu. Shangazi yake akasema ni jicho, akasomewa. Sikatai kusomewa, kwani Qur'ani ni ponyo. Lakini hakuna katika sisi sote, matroni, daktari, shangazi wala mimi niliyemzaa, aliyemwuliza swali ambalo lingemfungua kinywa. Aliyemwuliza alikuwa msichana wa miaka 21, asiyekuwa mwalimu wala jamaa. Alikuwa akija shuleni hapo kila Jumamosi baada ya adhuhuri, yeye na wenziwe wawili, kucheza netiboli na wanafunzi na kisha kuketi nao kwa mazungumzo.

Nitaeleza mbele binti yangu alimjibu nini. Kwanza ningependa tuulizane: ilikuwaje jambo lililokuwa likimla mtoto kwa miezi likafichika kwa watu wote waliomzunguka, likaja kuonekana na mgeni?

Watazamaji wengi, wasikilizaji wachache

Hebu tumtazame mtoto wa bweni tangu anapoamshwa kabla ya jua mpaka taa zinapozimwa. Siku nzima yumo katikati ya watu, na kila mmoja ana jambo lake analomtazamia. Mwalimu wa somo hutazama daftari. Mwalimu wa zamu hutazama saa. Kiranja hutazama kama kitanda kimetandikwa. Yupo mwalimu wa ushauri nasaha, na wengi wao ni watu wa huruma. Ila mwalimu huyo ana vipindi vyake vya kufundisha kama wenzake, ana madaftari ya kusahihisha, na pengine ndiye huyo huyo anayeketi katika kamati ya nidhamu. Ni taabu kwa mtoto kumfungulia moyo siku ya Jumanne mtu ambaye huenda akamhukumu siku ya Alhamisi. Fimbo ilipigwa marufuku katika shule zetu mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikalikaza katazo hilo, lakini hofu ya mwalimu haikuondoka pamoja na fimbo.

Wenziwe nao wanamsikia, lakini ni watoto kama yeye. Siri anayomwambia rafiki usiku bwenini huweza kuwa mzaha wa bafuni asubuhi. Hata rafiki mwaminifu hana la kufanya na mzigo aliopewa isipokuwa kuulalia naye.

Na sisi wazazi? Mara nyingi mtoto hutuficha kwa sababu anatupenda. Yule ambaye mamake anafanya kazi Jidda au Doha, akipigiwa simu mwisho wa wiki, hujibu kwamba mambo ni mazuri, kwa sababu anajua mamake akilia huko hana wa kumfuta machozi. Yule ambaye babake amekopa karo humwona babake anavyohangaika, akaona aibu kuongeza hangaiko jingine. Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza. Moyo wa mtoto nao ni msitu, na njia zake nyingine amezifunga mwenyewe ili sisi tusijikwae.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kijana mmoja kati ya kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 49 likifuata wastani huo, lina watoto saba wa namna hiyo. Wengi wao hawapigi makelele. Wanaketi, wananakili, wanajibu wakiulizwa, na ripoti ya mwisho wa muhula haina safu ya kuandika yanayowasibu.

Kazi ya vijana shuleni ni kazi gani?

Wasichana waliokuwa wakija shuleni kwa binti yangu hawakuja kufundisha. Hawakuja kutoa mawaidha, ingawa dini walikuwa nayo. Hawakuja kutibu, kwani hawakuwa madaktari. Walikuja kuwa pamoja na wanafunzi kwa mpango maalumu, na mpango huo ndio unaoitwa kazi ya vijana: watu wazima kwa umri mdogo, waliofunzwa na wanaosimamiwa, wakiwa karibu na watoto kwa hiari ya watoto wenyewe.

Ina mambo machache ya msingi. La kwanza, huanza na shughuli. Mtoto haitwi ofisini kuulizwa ana nini. Huitwa uwanjani kucheza, au kushona, au kuchora hina, au kutengeneza gazeti la ukutani. Ulimi hulegea mikono inapokuwa na kazi. Kila mama aliyewahi kukuna nazi pamoja na bintiye anajua hilo. La pili, ni watu wale wale, siku ile ile, saa ile ile, wiki baada ya wiki, kwa maana imani ya mtoto hujengwa kwa ahadi ndogo zinazotimizwa. La tatu, hakuna alama wala adhabu. Asiyetaka kusema hasemi, na bado anakaribishwa wiki ijayo. La nne, kundi huwekeana masharti tangu siku ya kwanza: hatuchekani, hatutoi nje maneno ya mwenzetu, na kila mtu ana haki ya kunyamaza.

Kisha huja kazi yenyewe, nayo ni ya taratibu. Katika kikao kimoja, kama nilivyosimuliwa baadaye, vijana hao waliwaomba wanafunzi wataje maneno yote ya Kiswahili wanayoyajua ya kueleza hali ya moyo. Mwanzo wasichana walitaja moja tu, lile la siku hizi: "stresi". Kila kitu kilikuwa stresi. Mtihani ni stresi, kugombana na rafiki ni stresi, kufiwa ni stresi. Polepole maneno ya nyumbani yakaanza kurudi. Huzuni. Simanzi. Jitimai. Fadhaa. Wahka. Kinyongo. Unyonge. Hamaki. Mmoja akakumbuka neno alilolisikia kwa bibi yake: kihoro. Yakaandikwa yote kwenye karatasi kubwa, kisha kila mmoja akaombwa aweke kidole kimoyomoyo juu ya neno lake la wiki hiyo, na anayetaka aseme.

Mazoezi hayo yana maana kubwa. Asiyeweza kulitaja linalomuuma hawezi kuomba msaada juu yake. Mtoto akijua kwamba alichonacho ni wahka wa mtihani, atafundishwa kupanga saa zake za kusoma na kutuliza pumzi. Akijua ni kinyongo, atatafuta sulhu. Akijua ni unyonge wa kuonewa na wakubwa bwenini, atajua kwamba hilo si la kuvumilia, ni la kuripoti.

Binti yangu alisema neno lake ni kihoro.

Alichomwambia

Miaka minne nilikuwa kazini Uarabuni. Aliyemlea binti yangu tangu akiwa na miaka sita ni bibi yake, mamangu mzazi. Yeye ndiye aliyemfunza kusuka ukili, kupika, na kuamka alfajiri bila kuitwa mara mbili. Niliporudi tuliendelea kuishi nyumba moja, na kusema kweli mtoto alikuwa wa bibi kuliko wangu. Mamangu alifariki mwishoni mwa mwaka ambao binti yangu alikuwa kidato cha kwanza, katika wiki ya mitihani ya kufunga shule. Alifariki usiku, akazikwa adhuhuri ya kesho yake, kama ilivyo ada yetu ya kutomchelewesha maiti. Tuliketi jamaa tukashauriana, na mimi ndiye niliyesema: mtoto asiambiwe, amalize mitihani kwanza. Wote waliona ni busara. Wangapi katika nyinyi mnaosoma hapa hamjawahi kufanya hivyo, au kuona likifanywa?

Alikuja nyumbani siku ya tisa. Aliingia akimwita bibi yake toka mlangoni. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa, hitima imekwisha somwa, chumba kimefagiliwa. Sisi tulikuwa tumekwisha kulia; yeye ndio kwanza alikuwa anaanza, na alikuwa peke yake. Alilia siku mbili, kisha akanyamaza. Nikadhani amepoa.

Alichomwambia yule msichana wa miaka 21, miezi sita baadaye, ni maneno haya: "Nilikuwa nikifanya hesabu huku bibi anazikwa." Na kwamba tangu hapo kila kengele ya mtihani ikilia, tumbo humshika, kwa maana hajui safari hii nyumbani kumetokea nini wanachomficha.

Yule msichana hakumpa mawaidha ya subira. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kuhusu bibi yake: alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini. Kisha akamwambia wazi kwamba jambo hili mamake anafaa kulijua, akamwuliza angependa lisemwe vipi. Binti yangu alichagua kuwa lisemwe mbele yake, na mwalimu wa ushauri nasaha awepo. Mwalimu ndiye aliyenipigia simu.

Si jambo geni kwetu

Wapo watakaosema haya ni mambo ya kuletwa. Ningewakumbusha kwamba Pwani yetu ilijua zamani kuwa mama hatoshi. Msichana alipovunja ungo alipewa somo, mwanamke mzima asiyekuwa mamake, akamfunza yaliyo mazito kuyasema baina ya mama na mwana. Kazi ya somo haikuwa kufunza tu. Alikuwa mlango wa pili wa msichana, wa kubishwa pale mlango wa kwanza unapoonekana umefungwa. Wavulana nao walikuwa na hirimu zao, na ndani ya hirimu wakubwa kidogo wakawaongoza wadogo kidogo. Tumehamisha watoto wetu kutoka mitaani tukawapeleka bwenini, lakini somo na hirimu hatukuwahamisha pamoja nao. Kijana aliyefunzwa na anayekuja shuleni kila wiki anaziba pengo hilo.

Na katika dini yetu yamo mafunzo ya wazi. Ndugu yake mdogo Anas bin Malik, aliyeitwa Abu Umayr, alikuwa na kijidege alichokipenda, kikafa. Mtume (rehema na amani zimshukie) alipomwona mtoto yule amehuzunika, alimwendea na kumwuliza habari za ndege wake, akimwita kwa jina la heshima kama anavyoitwa mtu mzima. Tufikirie kidogo: kiongozi wa umma, mwenye mambo ya dola na ya wahyi, akasimama kuulizia kijidege cha mtoto. Hakusema ni ndege tu. Vilevile alipofiwa na mwanawe Ibrahim alilia mbele za watu, wala hakuona kwamba machozi yanapingana na kuridhika na kadari. Nabii Yaaqub naye alihuzunika juu ya Yusuf mpaka macho yake yakapofuka, ilhali alikuwa Nabii. Basi anayemwambia mtoto kwamba huzuni ni upungufu wa imani amesema lisilo na msingi.

Wanazuoni wetu nao waliliandikia. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza huzuni, hofu, ghadhabu na wasiwasi kuwa ni maradhi yanayohitaji uangalizi kama homa inavyohitaji. Alishauri kwamba mtu akiwa mzima aiwekee nafsi yake akiba ya fikira njema za kumfaa siku ya dhiki, kama anavyoweka dawa nyumbani kabla hajaugua. Alisema hayo zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Ushahidi wa hapa nchini

Atakayeuliza kama njia hii inafaa kweli, jibu lake lipo hapa hapa Kenya. Liko shirika liitwalo Shamiri, ambalo limechukua jina lake katika neno letu la kustawi. Liliwachukua vijana wa miaka 18 hadi 22 waliomaliza shule ya upili, likawapa mafunzo mafupi, likawapeleka shuleni kuongoza makundi ya wanafunzi chini ya uangalizi wa wataalamu. Kila kundi lilikutana mara moja kwa wiki kwa muda wa wiki nne, kwa saa moja hivi. Walizungumza mambo matatu: kwamba mtu anaweza kukua na kubadilika, kwamba kushukuru hufungua macho, na kwamba kila mmoja ana tunu za maisha anazoweza kuzisimamia.

Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry la Marekani ulihusu wanafunzi 413 wa umri wa miaka 12 hadi 19 waliokuwa na dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyobanduka, au za wasiwasi. Waligawanywa kwa kura: wengine wakaingia makundi ya Shamiri, wengine makundi ya kufundishwa mbinu za kusoma. Dalili zilipungua zaidi kwa waliokuwa katika makundi ya Shamiri, na walipopimwa tena baada ya miezi saba tofauti hiyo bado ilikuwepo. Tuzingatie: saa nne tu kwa jumla, na waongozaji ni vijana wasio na shahada. Wanafunzi hao hawakutoka Pwani, nasi tuna mazingira yetu. Lakini ni watoto wa nchi hii, wa mitihani hii na karo hii.

Masharti ambayo mzazi ana haki ya kuyadai

Sisemi mlango wa shule ufunguliwe kwa kila anayebisha. Amana ya mtoto ni nzito, na zipo nia mbaya zinazovaa nguo nzuri. Kabla ya shule yoyote kuwakaribisha vijana hawa, wazazi waulize maswali haya katika mkutano wa chama cha wazazi na walimu, na wasione haya:

Ni nani hawa? Kila kijana awe na cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na awepo mtu au taasisi inayomdhamini na kumsimamia.

Wamefunzwa nini, na nani mtaalamu wao? Kijana wa miaka 20 asibebeshwe peke yake mambo mazito ya watoto. Naye ana moyo. Lazima awepo mshauri aliyesomea, anayeketi nao mara kwa mara kusikia yaliyowafika.

Wanakutana wapi? Mahali pa wazi, panapoonekana ingawa hapasikiki. Wasichana waongozwe na wasichana na wavulana na wavulana. Asiwepo kijana na mtoto peke yao nyuma ya mlango uliofungwa, wala kubadilishana nambari za simu kwa siri.

Siri ina mipaka gani? Hili ndilo kubwa. Mtoto aambiwe siku ya kwanza kwamba maneno yake yatahifadhiwa, isipokuwa katika mambo matatu: akiwa yuko hatarini kujidhuru, akiwa anadhuriwa na mtu, au akiwa anakusudia kumdhuru mtu. Hapo wakubwa wataarifiwa, naye ataambiwa kabla. Siri isiyo na mpaka ni mtego, na siri isiyohifadhiwa ni usaliti.

Mzazi ameridhia? Iletwe barua nyumbani, isainiwe. Na mzazi asidai kupewa kila neno mwanawe alilolisema kundini. Somo hakuwa akija kumsimulia mama kila kitu.

Mzigo unapozidi kundi

Kuna mambo ambayo mpira na mazungumzo hayayatoshi. Mtoto asiyelala wiki nzima au asiyeamka kitandani; aliyeacha kula; anayegawa vitu vyake anavyovipenda; anayesema afadhali asingalizaliwa au kwamba watu wangepumzika kama hayupo; anayesikia sauti wasizosikia wengine; anayejikatakata mikono na kuificha chini ya mikono mirefu ya buibui. Kwa wavulana, tuangalie hasira. Mvulana aliyefunzwa kwamba mwanamume halii mara nyingi huugeuza msiba wake kuwa ngumi, au huupeleka kwa wauza unga pale kona ya mtaa, nao humpokea kwa mikono miwili.

Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali, na asomewe pia ikiwa ndiyo imani ya nyumba. Kimoja hakizuii kingine, na Mtume ametuamrisha tutafute tiba. Tuache kulitumia jina la Mathari kama tusi, kwa sababu mtoto aliyelisikia tusi hilo mezani kwetu hatathubutu kutuambia kwamba akili yake inamsumbua.

Ikiwa unahofia kwamba mtoto anafikiria kujiua, mwulize waziwazi, kwa upole. Wataalamu wamethibitisha kwamba kuuliza hakumtii mtoto wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitoa. Usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za kuulia wadudu mahali anapoweza kuzifikia, na tafuta msaada siku hiyo hiyo. Nambari 116 ya watoto hupigwa bure kutoka simu yoyote nchini, usiku na mchana. Na kwa wale waliokuwa wakinyamaza kwa kuogopa polisi, Mahakama Kuu ilitamka mnamo Januari 2025 kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilichomfanya mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, kinapingana na Katiba. Aliyefikia hapo anahitaji tabibu na jamaa, hahitaji seli.

Kazi iliyobaki ni yetu

Kijana wa shuleni hufungua mlango. Atakayeingia ni mzazi. Yule msichana angeweza kusikiliza miaka kumi, na bado lisingepona la binti yangu kama mimi nisingeketi mbele yake nikasikia. Basi kwanza, kwenye mkutano ujao wa wazazi, baada ya kuzungumzia karo na ujenzi wa madarasa, anyanyuke mmoja aulize: wanafunzi wa shule hii wakielemewa, wana nani wa kumwendea? Pili, madrasa na misikiti yetu ina vijana wengi waliomaliza shule ambao mchana hukaa barazani bila kazi. Wapo wenye haiba na wenye huruma. Wafunzwe, wasimamiwe, wapelekwe. Watapata thawabu na uzoefu, na watoto wetu watapata kaka na dada. Tatu, watoto wetu wanaoingia Gredi ya 10 wanapelekwa shule ngeni, baadhi yao mbali na nyumbani na mbali na msikiti waliouzoea. Hao tusiwaache wiki za mwanzo bila mtu wa kuwauliza hali.

Na nne, tubadilishe maswali yetu. Siku ya kutembelea, kabla ya "umekuwa wa ngapi?", tuulize "nani unakula naye?", "nini kimekuelemea tangu tulipoachana?", "kuna jambo la nyumbani ungependa nikwambie?". Kisha tunyamaze. Ukimya wa mzazi anayesubiri jibu una faida kuliko mawaidha kumi. Na jibu likija, tusilikimbilie kwa "mshukuru Mungu, wenzako wana shida kubwa zaidi". Shukrani ni jambo jema, lakini isitumiwe kumfunga mtoto mdomo.

Siku ile ofisini kwa mwalimu, binti yangu alilisema lake akiwa anatazama sakafu. Nilitaka kujitetea. Nilitaka kumweleza kwamba nilifanya kwa mapenzi, kwamba niliogopa aanguke mtihani, kwamba hata mimi nilikuwa nimefiwa na mama. Yote yalikuwa kweli. Nikayameza, nikasema neno moja tu: "Nisamehe." Akanyanyua macho.

Tumbo halikupona siku hiyo. Lilichukua muhula mzima na nusu, na siku nyingine bado lilimshika. Shule ilipofungwa tulilifungua sanduku la bibi yake, ambalo mimi mwenyewe sikuwa na nguvu ya kuligusa mpaka siku hiyo. Tukazitoa leso zake moja moja, na binti yangu akawa ananisimulia kila moja aliivaa lini, nikajua mambo ya mamangu ambayo sikuyajua kwa kuwa nilikuwa mbali. Kisha akachukua Yasini akasoma yeye, kwa sauti yake, ile hitima tuliyoisoma bila yeye. Tulikubaliana jambo moja siku hiyo, nami nimelishika mpaka leo: habari ya nyumbani, njema au mbaya, ataisikia siku tunayoisikia sisi, hata akiwa amekalia karatasi ya mtihani.

Ripoti ya muhula ule sikumbuki ilisemaje.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, atupe masikio ya kuwasikia, na awarehemu waliotulelea kabla yetu. Amin.